Mche wa matunda Lubumbashi: sekatere wakati wa mvua, ulinzi wakati wa kiangazi

Kila mwaka, mvua ikishashika mwezi wa Novemba, watu wa Lubumbashi wananunua miche. Utaiona imepangwa kandokando ya barabara ndani ya sashe nyeusi: embe, avoka, chungwa, ndimu, mapera. Ukipita Septemba inayofuata katika parseli (viwanja vya nyumba) zilezile, mingi imebaki vijiti vikavu. Nasema wazi: kwetu kupanda si shida, mche unauawa na kiangazi. Na ule unaopona unaachwa ujiotee wenyewe miaka sita, mpaka siku moja mtu anakuja na panga na kukata kila kilicho mbele yake. Mambo yote mawili yanaweza kuepukwa, na hayahitaji pesa nyingi. Yanahitaji kufuata kalenda.

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua inanyesha tangu Novemba mpaka Machi, Oktoba na Aprili ni miezi ya mpito, na tangu Mei mpaka Septemba unaweza kukaa bila kuona tone. Kwa hiyo kazi ya miaka mitatu ya kwanza inagawanyika: kukata ni kazi ya mvua, kulinda ni kazi ya kiangazi. Anayechanganya hayo mawili, akapogoa mwezi wa Juni kwa kuwa ana nafasi, anaumiza mti usio na maji ya kujiponya.

Hatua ya 1: kagua mche siku ya kuupanda

Sitakaa sana kwenye upandaji wenyewe. Shimo la sentimita 60 kila upande na kwenda chini, udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza kabisa, mita 3 au zaidi kutoka ukutani. Hayo wengi wanayajua. Kuna mengine yanasahaulika, na ndiyo yanayoleta msiba baadaye.

Sashe itoke yote. Kuichana chini tu na kuiacha pembeni hakutoshi. Ukishaitoa, tazama mizizi: ile iliyojizungusha chini ikate kwa wembe safi, kwa sababu itaendelea kujizungusha hata ikiwa ardhini, na mti utakuja kujikaba wenyewe.

Kisha pitisha kidole kwenye kiungo, pale mche ulipounganishwa, yaani kipande cha aina nzuri kilipobandikwa juu ya shina la mti mwingine. Mara nyingi utakuta mkanda wa plastiki bado umefunga, na pengine umeanza kuzama ndani ya gome. Shina linanenepa, mkanda haunenepi. Kama kiungo kimeshika vizuri, pasua mkanda kwa wembe upande wa nyuma na uubandue taratibu. Embe nyingi changa zinazovunjika kwa upepo wa Oktoba zinavunjikia hapohapo, na mwenye mti analaumu upepo.

Kiungo hicho kibaki juu ya udongo. Kwa mchungwa na mlimao nataka sentimita 20 wazi, kwa sababu udongo wenye unyevu ukigusa sehemu ile, shina linaanza kuoza na kutoa gundi ya rangi ya kahawia. Mti wa namna hiyo hauchukui muda mrefu.

Kuhusu udongo: mwingi wa kwetu ni mwekundu na una asidi. Vile vichuguu vikubwa tunavyoviona kuzunguka mji, ambavyo vingine vinapita mita 5 na ambavyo watu wanavifyatulia matofali, udongo wake una chokaa na virutubisho zaidi ya ule wa pembeni. Wakulima wanausambaza shambani tangu zamani, na wana haki. Ndoo mbili tatu za kichuguu kilichokwisha kufa, ukizichanganya kwenye shimo, zinasaidia sana. Lakini hakikisha kweli kimekufa.

Neno moja kwa walio upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, kama kule Penga-Penga. Kiwanda kilianza kazi mwaka 1911, na pepo za kiangazi zinazotoka kusini-mashariki zilibeba moshi wake upande huo kwa miaka mingi. Udongo wa pale una shaba nyingi kiasi cha kuzuia mizizi. Chimba shimo pana zaidi, lijaze udongo uliotoka mahali pengine pamoja na chokaa na samadi nyingi, na matunda yakija, yaoshe vizuri kabla ya kula.

Hatua ya 2: andaa chombo, jifunze kukata

Sekatere (mkasi wa kupogolea) moja kali inatosha kwa miaka mitatu ya kwanza. Panga liache kwa majani ya porini. Kwenye mti mchanga linaponda na kupasua, na kidonda kilichopasuka hakifungi. Kabla ya kuhama mti mmoja kwenda mwingine, pangusa makali kwa pombe kali au kwa Javeli (dawa ya maji ya kung'arishia nguo), sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Ukimaliza suuza, kausha na paka mafuta kidogo, kwa maana Javeli inakula chuma.

Ukikata tawi zima, angalia pale linapotokea kwenye shina. Utaona uvimbe mdogo wenye mikunjo. Kata mbele ya uvimbe huo, usiuingie, wala usiache kisiki kirefu. Mti unafunga kidonda kutokea kwenye uvimbe ule. Ukiukwangua ukawa sawa na shina, umeondoa dawa ya mti mwenyewe. Ukiacha kisiki, kinakauka na mchwa wanapata mlango.

Watu wananiuliza nipake nini juu ya kidonda. Sipaki kitu. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua mashina mengi kwa urefu ili aone ndani, na kazi yake ilionyesha kwamba mti hauponi kwa kujaza nyama mpya kama mtu anavyopona. Unajenga ukuta ndani kuzunguka sehemu iliyoumia, na rangi ya kupaka juu haizuii kuoza. Kidonda safi, kidogo, kilichokatwa mahali pake, kinatosha. Kuhusu mafuta machafu ya gari, yale ya vidanji ambayo wengi wanapaka ili kufukuza mchwa, naomba sana uache. Yanaunguza gome changa na kuharibu udongo mizizi inapolala.

Utomvu wa embe unaunguza ngozi. Vaa glavu, geuza uso unapokata, na ukirukiwa nawa kwa sabuni palepale.

Hatua ya 3: mpe mwembe umbo

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu mwembe ndio mti wa parseli zetu na ndio unaoharibiwa kuliko yote. Ukiachwa, unapanda juu bila tawi mpaka upite paa, kisha unazaa mahali ambapo ni popo na watoto wenye mawe tu wanaofika.

Subiri mche ufikishe mita 1 hivi na shina lake la juu ligeuke kutoka kijani kuwa kahawia. Tazama na majani ya kileleni. Yakiwa bado mekundu, laini, yananing'inia, usiguse: mti uko katikati ya kuchipua na akiba yake yote iko pale. Yakishakuwa ya kijani kizito na magumu, ndiyo wakati. Kwa mche uliopandwa Novemba, hilo kwa kawaida linakuja mvua ya mwaka wa pili, mwezi wa Desemba au Januari.

Sasa angalia shina kwa karibu. Mwembe unakua kwa vipande: kila mara unapochipua unaacha pete, mahali ambapo majani na macho (pale machipukizi yanapotokea) yamesongamana, na kati ya pete na pete kuna sehemu ndefu yenye macho machache. Ukikata juu tu ya pete, machipukizi mengi yatatoka mahali pamoja, na matawi yanayotoka mahali pamoja yanapasuka yakibeba matunda. Kata chini ya pete, kwenye urefu wa sentimita 70 mpaka 80 kutoka ardhini. Machipukizi yatakuwa machache, yameachana, na yatatoka kwa pembe nzuri zaidi. Kama unaishi penye mbuzi wengi, kata kwenye mita 1.

Baada ya wiki kadhaa machipukizi yanatoka. Yaache yakue kidogo, ndipo uchague 3, au 4 ukitaka sana, yanayotazama pande tofauti na yasiyotoka kwenye kimo kimoja. Tawi linaloinama kidogo kuelekea nje ni bora kuliko lililosimama karibu na shina. Pembe nyembamba kati ya tawi na shina inafungia gome ndani, na siku ya dhoruba inapasuka mpaka chini. Mengine yaondoe kwa kidole yakiwa bado laini. Kama una tawi zuri ila limesimama mno, funga kamba ya kitambaa, ulivute chini na uifunge kwenye jiwe kwa miezi miwili, litabaki hivyo.

Matawi hayo 3 yakifikisha sentimita 40 au 50 na kukomaa, yakate vilevile, chini ya pete. Kila moja litatoa mengine, na wewe utachagua mawili kwa kila tawi. Rudia mara ya tatu mvua ya mwaka unaofuata. Hapo una mti mpana, mfupi, wenye matawi imara, ambao utauvuna ukiwa umesimama chini au juu ya kiti.

Mipaka yangu ni hii: usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa msimu mmoja, na ukifika mwisho wa Februari weka sekatere mahali pake. Chipukizi la Machi litafika Mei likiwa bado laini, na baridi ya Juni italiunguza.

Maua ya mwaka wa kwanza na wa pili uyaondoe, hata kama moyo unauma. Mwembe mchanga ukibeba matunda unaacha kukua. Ila usikimbilie: shada likiondolewa Juni, baridi bado ipo, na mti utatoa maua mengine pembeni. Ngoja mpaka Agosti, baridi ikishapungua, ndipo ulikate shada chini yake.

Miti mingine

Chungwa, mandarini na ndimu havitaki kukatwa sana. Kazi kubwa ni kuondoa machipukizi yanayotoka chini ya kiungo. Utayatambua: yana miiba mirefu, majani yake hayafanani na ya juu, na yanakua haraka kuliko mti wenyewe. Yang'oe kwa mkono yakiwa madogo, pamoja na kisigino chake. Ukiyaacha mwaka mmoja, yatakula chungwa lako na utabaki na mlimao mkali wa miiba ambao hukuununua. Mengine ni kuondoa yaliyokauka na yale yanayosuguana.

Avoka inataka kivuli kwenye gome lake mwenyewe. Ukiivua majani, jua linaunguza matawi. Ikifika mita 1 chomoa ncha kwa vidole, basi. Mizizi yake iko juujuu, hivyo usilime kwa jembe chini yake, na usiipande mahali maji yanaposimama mwezi wa Januari. Mizizi itaoza na hakuna dawa ya kuirudisha.

Mapera hayaogopi sekatere. Yanazaa kwenye chipukizi jipya, kwa hiyo kila ukikata unapata matunda. Mpapai haukatwi: shina lake lina uwazi ndani, maji yakiingia linaoza.

Hatua ya 4: Aprili, jitayarishe kwa kiangazi

Mvua za mwisho zikiwa bado zinaanguka, palilia duara la mita 1 kuzunguka kila mti, chimba beseni pana lisilo na kina, na utandaze majani makavu au mabua ya mahindi, unene wa sentimita 10. Matandazo yasiguse shina. Acha nafasi ya sentimita 15 mpaka 20 yenye udongo mtupu, ambayo utaweza kuiona na kuifagia.

Nafasi hiyo ni kwa ajili ya mchwa. Porini kunapokauka, mchwa wanafuata unyevu na mti dhaifu. Wanapanda shina ndani ya vichochoro vya udongo, wanakula gome kwa siri, na unapoona majani yananyauka wameshazunguka shina lote. Kwa hiyo kila Jumamosi, tangu Mei mpaka mvua irudi, tembea mti kwa mti. Ukiona mstari wa udongo juu ya gome, ukwangue kwa kijiti, tazama kama gome chini bado ni la kijani, na umwage majivu ya makala (makaa) kwenye ile nafasi tupu. Majivu yakilowa hayana nguvu tena, yabadilishe. Samadi mbichi, visiki vilivyozikwa na nguzo za mti laini vinawaita mchwa. Nguzo ya kufungia mche iwe ya chuma, au uiondoe kabisa mti ukishasimama. Mti unaomwagiliwa vizuri unashambuliwa kidogo sana, na hilo ni muhimu kuliko majivu.

Maji: bidoni moja ya lita 20 kwa wiki kwa kila mti mwaka wa kwanza, kwa mara mbili, jioni. Asiye na maji ya kutosha achukue bidoni ya lita 5, atoboe tundu dogo la sindano chini, aijaze na kuiweka kwenye ukingo wa majani ya mti, si kwenye shina. Maji yanaingia polepole na hayapotei.

Jua la Agosti na Septemba linapiga shina changa lisilo na majani ya kulifunika. Changanya chokaa na maji mpaka iwe nzito ya kupaka kwa brashi, upake kutoka ardhini mpaka matawi ya kwanza. Inasaidia pia kuona vichochoro vya mchwa kwa urahisi juu ya weupe.

Wanaokaa bondeni, karibu na mito na madimbwi, wajue kwamba baridi ya usiku wa Juni na Julai inashuka na kutulia kule. Avoka na papai changa zifunike jioni kwa gunia lililowekwa juu ya vijiti vinne, na ufunue asubuhi. Majani yakiungua kwa baridi, usiyakate. Yanalinda yaliyo chini yake, na mpaka Oktoba hutajua ni wapi mti umekufa na wapi umelala tu.

Moto

Kwa mwenye parseli yenye ukuta, sehemu hii haimhusu sana. Kwa walio na mashamba upande wa Annexe, komini ya pembezoni mwa mji, njia ya Kipushi au ya Likasi, moto ndio adui wa kwanza. Majani yanachomwa tangu Mei, na moto wa Septemba unapita na kila kitu.

Safisha ukanda wa mita 3 kuzunguka shamba kabla Mei haijaisha, majani yakiwa bado na ubichi. Anza upande wa kusini-mashariki, kwa sababu ndiko upepo wa kiangazi unakotoka. Zungumza na jirani wa upande huo, mkubaliane siku ya kuchoma kwake, na uwepo siku hiyo na matawi mabichi na maji. Heshima kwa jirani inaokoa miti mingi kuliko mfereji wowote.

Hapo kuna swali gumu: matandazo yanatunza unyevu, lakini yanawaka. Shambani mimi nafunika matandazo kwa tabaka jembamba la udongo. Yanaoza haraka zaidi, lakini cheche ikianguka haishiki. Mti uliounguzwa na moto upande mmoja usiung'oe kwa hasira. Ngoja mvua, kisha kata pale chipukizi jipya linapotokea.

Hatua ya 5: Oktoba na kuendelea

Joto la Oktoba ndilo kali kuliko yote, na mvua ya kwanza haimaanishi kumwagilia kumekwisha. Endelea mpaka mvua ishike. Kata ncha zilizokauka kurudi hadi penye kijani, na angalia kamba zote ulizofunga.

Machungwa yakitoa majani mapya, yakague kila siku mbili. Kiwavi mdogo wa kipepeo wa machungwa anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, mweusi mwenye baka jeupe, na macho yanampita. Akikua anageuka kijani. Mguse kwa kijiti: atatoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali itakupanda puani. Wachache wanaweza kumaliza majani yote ya mche mdogo ndani ya siku chache. Watoe kwa mkono. Kwa miti kumi huhitaji dawa. Ile mistari ya fedha inayojizungusha ndani ya jani ni ya mdudu mwingine. Usikate majani hayo, bado yanalisha mti.

Mwisho ni mbuzi. Uzio wa matete, mianzi au waya, kimo cha mita 1.5, uwe mbali na shina sentimita 50 ili asifikishe mdomo. Upanue kila mwaka mti unapopanuka. Usiutoe kwa kuwa mti umekuwa mrefu: mbuzi anasimama kwa miguu ya nyuma, na akikosa majani anabandua gome. Mwaka wa tatu, matawi yakishamzidi kimo, ondoa uzio mkubwa lakini zungushia shina kipande cha waya wa matundu kisichobana, na kila Novemba kilegeze kadiri shina linavyonenepa.